Shajara ya riwaya ya Tendaguru: sura ya nne hadi ya saba

Jumatatu

Sura ya nne bado iko njiani. Msafara umetoka kilimani alfajiri, wanaume wamejitwisha mizigo, na mwanamke wangu, mhusika mkuu wa riwaya, anawafuata kwa nyuma na chungu, unga wa mtama na mtoto mgongoni. Najua wanakoelekea: Lindi, pwani, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu. Najua pia walichobeba. Yeye hajui, na riwaya nzima imesimama juu ya huko kutojua kwake.

Niieleze habari yenyewe kwa ufupi, maana atakayeisoma shajara hii huenda akawa mgeni wa huku kwetu. Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, aliona pale mfupa mkubwa umechomoza ardhini, mfupa wa dinosaria, mjusi mkubwa wa kale aliyegeuka jiwe. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu Eberhard Fraas kuuhakiki, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck. Zilitoka zaidi ya tani 200 za mifupa. Wanyama wa kubebea mizigo hawakufaa kwa sababu ya mbung'o, na barabara ya gari haikuwepo. Kwa hiyo tani zote hizo zilishuka Lindi juu ya vichwa na mabega ya watu. Mjusi anayesimama Berlin tangu mwaka 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, aliondoka hapa vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na shingo ya mtu chini yake.

Ninachotaka kuandika ni hizo shingo. Mjusi ana vitabu vyake tayari.

Leo nimepata kurasa mbili, zote za alfajiri kabla jua halijapanda. Saa tatu joto lilishaanza kubana, nikafunga kaunta buku.

Jumanne

Umeme haukuwepo mpaka jioni, hivyo nimeandika kwa mkono kutwa nzima. Kurasa tatu na nusu. Nilipozisoma usiku nikaona moja nzima ni maelezo ya miaka milioni 150 iliyopita, wakati pwani hii ilipokuwa na ghuba na vidimbwi na hao wanyama wakiranda kando yake. Ni maelezo mazuri. Yametoka. Hakuna mtu katika msafara ule ambaye angeweza kuyafikiria, na mimi nimeahidi kutompa mwanamke wangu jicho langu. Ataona alichoona mtu wa mwaka 1910: jiwe lenye umbo la mfupa, zito kuliko mfupa, ambalo wazungu wanalifuta vumbi kama kwamba ni yai.

Yeye ana maelezo yake. Alikua akisimuliwa habari za mazimwi jioni, na sasa anaona paja la zimwi likifungwa kwa vipande vya mianzi na kukandikwa udongo. Kwa nini asiamini? Kwangu mimi hapo pana uzito kuliko somo zima la jiolojia.

Jumatano

Leo sikuketi mezani. Nimekwenda kwa Bibi, mtaa wa pili kutoka kwangu. Amezaliwa bara, amelima kule maisha yake yote, ameletwa mjini na watoto wake uzeeni. Ubebaji anaujua kwa mwili wake.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na daftari tena?"

Nikamwomba anionyeshe ngata ya mzigo mzito. Akachukua kanga kuukuu, akaisokota mpaka ikawa kama kamba, akaizungusha kwenye vidole vinne vya mkono wa kushoto, mzunguko juu ya mzunguko, kisha akapenyeza ncha kwa chini na kuivuta ikakaza. Hiyo, akasema, ni ya ndoo. Ya mzigo wa kweli unaanza na majani mabichi. Unayakunja duara nene, unayafunga kwa ugwe wa gome, nguo inakuja juu. Majani makavu hayafai, yanavunjika yakawa unga na mzigo unakaa kwenye fuvu. Mabichi yananywea pole pole yakifuata kichwa chako, na ikifika mchana ngata ya mwenzako haikufai, wala yako haimfai mwingine.

Hilo la mwisho niliandika haraka sana asije akalirudisha. Nina wanaume wawili katika sura ya nne wanaoazimana kila kitu: tumbaku, kisu, hata mkeka. Sasa najua kitu ambacho hawawezi kuazimana.

Kisha akasema jambo lililobadilisha mpango wa sura yote. Nilimuuliza ni wakati gani mzigo unauma zaidi njiani, nikitegemea aseme mlimani. Akatikisa kichwa. "Njiani unatembea tu, mwanangu. Kazi ni kutwika na kutua. Huwezi kujitwika peke yako, na huwezi kutua peke yako." Mzigo wa namna hiyo unahitaji watu wawili wa kuunyanyua hadi utosini, na ukitaka kupumzika lazima uwepo mtu wa kukupokea, la sivyo uendelee kusimama nao au uutupe. Ukiutupa, umevunjika.

Mimi nilikuwa nimejaza sura kwa mwendo: vumbi, miiba, jua, jasho. Sasa naona sura inakaa kwenye vituo. Nani anamtua nani. Nani anaachwa amesimama na mzigo wake mpaka wenzake wamalize kunywa maji.

Alhamisi

Kurasa sita. Sijapata siku kama hii tangu nianze kitabu. Kituo cha kwanza chote kimeandikwa: mume wa mwanamke wangu amefika wa mwisho, waliotangulia wameshalala chini ya mti, na hakuna anayeinuka. Ni mkewe anayemtua, na mtoto yungali mgongoni. Msimamizi wa msafara anaona, hasemi kitu. Kesho yake yule yule anahesabu mizigo na kukuta wa kwao umepata ufa kwenye udongo.

Mizigo mirefu ilifungwa kwenye mti ikabebwa na watu wawili au zaidi. Nimejaribu na mpwa wangu hapa uani kwa gunia la mchanga na nguzo, tukapanda na kushuka ule mteremko wa nyuma ya nyumba. Mkipanda, uzito unamlalia wa nyuma. Mkishuka, unamsukuma wa mbele mpaka magoti yanatetemeka. Kwa hiyo wawili waliozoeana lazima wamekubaliana kubadilishana nafasi, na wasioelewana mmoja anaumia njia nzima. Ugomvi wa sura ya sita umezaliwa hapo. Bega langu limevimba, na mpwa ameniuliza kama riwaya zote huandikwa hivi.

Ijumaa

Swali la Boheti.

Boheti bin Amrani alikuwa msimamizi mkuu wa wachimbaji Waafrika, fundi aliyejua kuufungua mfupa kutoka mwambani bila kuuvunja, aliyewafundisha wengine, na Waingereza walipokuja kuchimba katika miaka ya 1920 walimfuata yeye yeye. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kisayansi kwa heshima yake: Australodocus bohetii. Katika kazi iliyofikia karibu watu 500 mwaka 1911, ukiacha wake na watoto waliojenga vibanda kuzunguka kilima, yeye ni mmoja wa wachache sana wa upande wetu ambao jina lao limebaki kwenye maandishi.

Kumwacha nje ya riwaya ni kumfuta mara ya pili. Kumtia ndani na kumpa maneno niliyoyatunga mimi, hasira niliyoitunga mimi, mke na madeni niliyoyatunga mimi, nako kunanikera. Ana haki yake, na wazao wake huenda wako hapa hapa wananunua samaki soko moja na mimi.

Nimelala na swali hili nikaamka nalo. Uamuzi: atakuwepo, na ataonekana kwa mbali. Mwanamke wangu atamwona akipiga magoti kwenye shimo, kisu mkononi, akipuliza vumbi. Atasikia sauti yake ikiita watu asubuhi. Ataona jinsi wazungu wanavyonyamaza anapochunguza. Sitaingia kichwani mwake, na hatasema sentensi hata moja ya kubuni. Fundi anajulikana kwa mikono yake, na mikono ile naweza kuiandika kwa uaminifu.

Jumapili

Kulikuwa na msiba mtaani. Sijaandika.

Jumatatu

Sura ya tano ni ya kurudi nyuma kidogo kwa wakati, na ndiyo iliyonichosha kuliko zote. Lazima msomaji ajue kwa nini mtu anakubali kubeba jiwe la mzungu siku nne. Jibu ni vita na kodi. Maji Maji ilianza 1905, misheni ya Nyangao ikachomwa mwaka huo huo, na Wajerumani walipojibu walichoma vijiji, mashamba na maghala. Vita ikaisha, njaa ikabaki. Miaka michache tu baadaye ndipo kilima kikafunguliwa na watu wakaitwa kazini, Wamwera, Wayao, Wamakonde na wengine, huku kodi ya serikali ikidaiwa kwa rupia ambazo mkulima hakuwa nazo.

Hayo ninayo yote kwenye daftari. Tatizo ni kuyaingiza bila kusimama jukwaani kuhutubia. Nimejaribu kumfanya mjomba asimulie. Haikukaa: mjomba aliyepoteza watu hakai chini akawasimulia watu wale wale waliopoteza pamoja naye. Wote wanajua. Wanaojua hawasimuliani, wanatajiana tu.

Nimeacha saa saba nikaenda sokoni.

Jumatatu, usiku

Nilinunua ming'oko iliyochemshwa, fungu dogo, nikala nikitembea kurudi nyumbani. Unabana mmoja, unauvua ganda jembamba kwa meno ya mbele, chumvi kidogo, nyama yake laini ina utamu wa mbali. Watoto wa hapa wanaipenda kama peremende. Lakini ming'oko ni mzizi wa porini, na wazee huutaja kwa heshima nyingine kabisa, kwa sababu ndio uliowavusha watu miaka ambayo ghala lilikuwa tupu.

Nimefika nyumbani sikuvua hata kanga ya mtandio. Sura ya tano inaanza hivi: mwanamke wangu anachimba ming'oko, shimo refu kuliko mkono wake, na anakumbuka mwaka ambao walichimba mpaka wakakuta mashimo ya wenzao. Basi. Vita haitajwi. Askari hawatajwi. Mjomba anapita, anaangalia shimo, anasema, "Hapo walishachimba," naye anahamia kichaka kingine. Katika ukurasa unaofuata mume anasema amesikia kule kilimani wanalipa watu kwa kuchimba mashimo.

Nilisimama nikazunguka chumba.

Jumanne

Mjomba amekuwa mkubwa kuliko nilivyopanga, na nimemwacha akue. Kwa Wamwera ukoo hufuata upande wa mama. Mume wa mwanamke wangu amekuja kuoa na kuishi ukweni. Watoto ni wa ukoo wa mke, na mwenye neno juu yao ni mjomba. Kwa hiyo safari ya Lindi haiwezi kuamuliwa na mume na mke peke yao. Mjomba anakataa. Mume anayetoka nje anaweza kwenda kubeba mawe ya wazungu akitaka, lakini mpwa wake wa kike na mtoto hawaendi popote.

Wanaenda. Namna wanavyoenda ndiyo kurasa nne za leo, na mjomba ndiye anayewapa unga. Sitaki asomeke kama mtu mbaya. Amekwisha kuzika watu, anahesabu waliobaki.

Juu ya lugha nimekata shauri pia. Nyumbani wanaongea Kimwera, nami ninakiandika kwa Kiswahili kifupi, kikavu, kisicho na methali za pwani wala madoido. Kilimani, ambako makabila yamechanganyika, wanaongea Kiswahili cha kazi: lete, shika, pole pole, kushoto. Wakifika Lindi wanasikia Kiswahili cha waungwana, kirefu, chenye salamu zisizokwisha, na mwanamke wangu hajui aishike wapi sentensi. Msomaji ataisikia tofauti bila kuambiwa.

Alhamisi

Mhariri wangu wa Dar es Salaam amesoma sura ya nne na ya tano. Amepiga simu, tumeongea mpaka vocha yake ikakata.

"Dada, zimenishika. Lakini msomaji wa Mwanza au Kigoma atajuaje kwamba hiki ni kile kisa cha mjusi?"

"Atajua kwenye jalada, kaka, na kwenye dibaji. Ndani sitamwambia."

"Hata mara moja? Basi hata mzungu mmoja aeleze."

Nimemwelewa. Kila suala la mjusi wa Tendaguru linapofika bungeni au magazetini, nchi nzima inalisikia. Ni jambo la kuuzia kitabu. Na wapo wanaotaka arudishwe, na wapo wanaosema walau mapato yagawanywe, na mimi nina msimamo wangu ambao nitausema nikiulizwa. Lakini mzungu akieleza ndani ya riwaya, kitabu kinahama. Kuanzia ukurasa huo macho ya msomaji yataondoka kwenye njia na kwenda Berlin, yatamtazama mjusi aliyesimama, na wachukuzi watarudi kuwa vumbi chini ya miguu yake kama walivyo kwenye picha nyingi. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, kisha akauliza kama basi yule mke wa Hans Reck, Ina, aliyekuwepo kilimani mwaka 1912, asingefaa: mwanamke mbele ya mwanamke.

Nimelifikiria hilo mchana kutwa kwa sababu ni wazo zuri kweli. Wanawake wawili kwenye kilima kimoja, mmoja na daftari, mmoja na chungu cha maji. Lakini riwaya yangu inaisha 1910. Nimeliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, huenda likawa kitabu kingine.

Jumamosi

Sura ya sita, ugomvi wa nguzo. Imekwenda bila shida. Kurasa tano.

Jumatatu

Maji yamenirudisha sura ya tatu. Kilimani maji yalikuwa shida kubwa, hasa kiangazi, na nilikuwa nimeandika wanawake wakienda kuchota kana kwamba kisima kiko uani. Mamia ya watu, kisha plasta na udongo wa kukandika mifupa, vyote vinataka maji. Ina maana kila mfupa uliofika Lindi salama umefungwa pia kwa maji yaliyobebwa na mtu, na watu hao hawakuandikwa kwenye orodha ya msafara wowote. Mwanamke wangu ana kazi mbili sasa: anachota maji yanayokandika udongo unaofunika mfupa anaobeba mumewe.

Nimekumbuka siku niliyokwenda Tendaguru kwa bodaboda, upande wa kijiji cha Mipingo. Mgeni hupotea macho, maana hakuna cha kuonyeshwa: kilima cha kawaida, vichaka vimefunika mashimo. Dereva aliniambia, "Ndiyo hapa, dada," nikaendelea kusubiri tufike. Lakini kiu ya pale ilikuwa ya kweli, na chupa yangu iliisha kabla hatujapanda. Naiweka kiu hiyo sura ya tatu.

Jumatano

Sura ya saba: Lindi.

Nimeshuka pwani jioni kuangalia mahali. Kitunda iko ng'ambo, mashua zinavuka, maji ya kijani yakiingia kijito. Nilijaribu kuyaondoa majengo yote moja moja kichwani mpaka nibaki na boma, maduka machache, mitumbwi na meli imetia nanga mbali. Mwanamke wangu hajawahi kuona bahari. Waandishi wengi tunamsimamisha mhusika ufukweni, ashangae, aya mbili za mawimbi. Wangu anashika maji, anayaonja, anamkataza mtoto asinywe. Ametembea siku nne akigawa maji kwa kibuyu, na sasa amefika mbele ya maji yote haya yasiyofaa kitu. Ana hasira. Nimeifuata hasira hiyo na imenipeleka vizuri mpaka mwisho wa sura.

Mzigo unatuliwa, unakaguliwa, unaingizwa kwenye kasha na nyasi. Karani anaandika. Mume anapokea rupia zake. Kiasi sijakitaja, nimeandika mlio wake tu kwenye kiganja na jinsi anavyozitenga papo hapo: hizi za kodi, asiguse mtu. Zinabaki hela chache. Wanabishana mbele ya duka kwa sauti ya chini. Yeye anataka kaniki kwa sababu nguo ya kusokotea ngata imekwisha. Mkewe anataka chumvi ya kupeleka kwa mjomba.

Wananunua chumvi.

Nimeipa sura hiyo jina la muda, "Hela chache". Zote nne zimetumwa kwa mhariri usiku huu kwa WhatsApp, picha za kurasa, maana kompyuta bado haina chaji. Kesho naingia sura ya nane, njia ya kurudi, na lazima kwanza nimuulize Bibi mchukuzi hutembeaje akirudi bila mzigo, na kama mwendo wa siku nne huwa ni wa siku tatu.